Chenga kwenye picha za CT: anayezilipia ni nani?

Gantri_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu nimeuwaza muda mrefu. Nimekaa chumba cha CT (mashine ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) miaka kumi na tatu, na sijawahi hata siku moja kupigiwa simu kwa sababu picha ilikuwa safi mno. Simu huja picha ikiwa na chenga. Daktari analalamika, kesho yake unapandisha miliampea, yaani mkondo wa bomba unaoamua wingi wa eksirei, kidogo ili lawama ziishe. Mwezi ujao kidogo tena. Mwaka ukigeuka, protokali ya tumbo (mpangilio wa kupigia tumbo) ina dozi ya mionzi mara mbili ya ilivyokuwa, na hakuna kikao kilichokaa kuamua iwe hivyo.

Enzi za filamu, mionzi ikizidi filamu ilitoka nyeusi na kosa lilijisema lenyewe. Kwenye CT ni kinyume. Ukizidisha dozi picha inakuwa laini, inapendeza, na unasifiwa. Mwaka 2009 hospitali moja ya Los Angeles iligundua kuwa wagonjwa 206 waliopimwa mtiririko wa damu kwenye ubongo walipigwa takriban mara nane ya dozi iliyokusudiwa, na mambo yalikuwa yameendelea hivyo kwa miezi 18. Picha hazikumshtua mtu. Kilichofichua ni mgonjwa aliyerudi kuuliza kwa nini nywele zake zinanyonyoka kwa mabaka. Kila nikikumbuka kisa hicho naangalia namba za konsoli yangu upya.

Sasa, chenga zinatoka wapi? Weka mabeseni mawili yanayolingana uwanjani rasharasha ikianza. Baada ya sekunde chache moja lina matone 9, jingine 14, ingawa mvua ni ile ile. Iache inyeshe saa nzima, yatakaribiana kiasi kwamba huoni tofauti. Fotoni, yaani chembe za eksirei, zinavyofika kwenye kigunduzi ni hivyo hivyo. Zikifika 100, hesabu inayumba kwa 10 hivi, yaani asilimia 10. Zikifika 10,000, inayumba kwa 100, yaani asilimia 1. Kuyumba huko ndiko tunakokuona kama chenga.

Hapo ndipo bei ilipo. Ukitaka chenga zipungue nusu, lazima fotoni ziwe mara nne, na anayezipokea ni mgonjwa. Lakini igeuzeni hesabu hiyo: ukipunguza dozi nusu, chenga haziongezeki mara mbili. Zinaongezeka kwa asilimia 41 tu. Wengi wetu tunaogopa kushuka kwa sababu tunadhani tutaanguka shimoni, kumbe ni mteremko.

Swali langu kwenu: kwa kila ombi la kipimo linaloletwa, tunajiuliza picha hii inaweza kuvumilia chenga kiasi gani na bado ikajibu alichouliza daktari? Au tunataka tu iwe safi?

FotoniMoja

Asante mkuu. Niongezee upande wa fizikia, maana chenga hazitokani na miliampea peke yake na watu wanasahau.

Mwaka 1976 Brooks na Di Chiro waliandika uhusiano ambao mpaka leo haujapinduliwa. Kwa lugha ya kawaida: ukitaka kiwango kile kile cha chenga huku slaisi (kipande kimoja cha picha) ikiwa nyembamba nusu, dozi inapanda mara mbili. Ukitaka pia uone vitu vidogo nusu kwa upana na urefu ndani ya slaisi, hapo dozi inapanda mara nane. Vyote kwa pamoja ni mara 16. Ndiyo maana kauli ya "nitolee slaisi nyembamba zaidi na safi zaidi" ni ombi zito sana, hata likitamkwa kirahisi kwenye simu.

Halafu unene wa mgonjwa. Kwa nishati tunazotumia, kila sentimita 3.6 hivi za tishu laini hupunguza fotoni nusu. Mgonjwa mwenye kipenyo kilichozidi cha mwenzake kwa sentimita 4 anahitaji takriban maradufu ya miliampea ili picha zifanane. Kwa hiyo mtu anayetumia mpangilio mmoja kwa wote anampiga mwembamba bila sababu, na mnene anamtoa na picha isiyosomeka. Mabegani na kwenye nyonga fotoni zinaweza kuwa chache mpaka chenga za umeme wa kigunduzi chenyewe zinaanza kushindana nazo, ndipo unaona ile michirizi ya kulala kutoka bega hadi bega.

Kuhusu slaisi, dawa ipo na haina gharama: piga nyembamba, soma nene. Data ya milimita 1 ukiiunganisha ikawa slaisi ya milimita 5, chenga zinashuka kwa mara 2.2 hivi bila fotoni moja ya ziada. Nimeona vituo vinapandisha dozi kwa sababu mtu anasomea ini kwenye slaisi za milimita 1. Hilo linaniumiza.

Dr_Kivuli

Nasoma uzi huu kwa heshima, lakini naomba nisimame upande wa pili.

Mimi ndiye ninayepiga simu. Ninasoma ini kila siku. Maji ni 0 kwenye kipimo cha Hounsfield, yaani kipimo cha weupe wa picha ya CT, hewa ni −1000, na mimi natafuta doa linalotofautiana na ini lililolizunguka kwa vipimo 10 au 15. Chenga zikiwa 20 kila upande, doa hilo linamezwa. Nikilikosa, mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa ini ni zima. Dozi mliyookoa ina thamani gani hapo? Kipimo kisichojibu swali kimempa mgonjwa mionzi ya bure yote, toka fotoni ya kwanza hadi ya mwisho.

Msije mkaigeuza dozi ndogo kuwa mashindano.

Gantri_Usiku

Daktari, nakubaliana nawe, na ini lako silishushi. Ninachokataa ni ini kuwa kipimo cha kila kitu.

Chukua mapafu. Tishu ya pafu iko karibu na −850, kinundu kigumu kiko juu kidogo ya 0. Hiyo ni tofauti ya mamia ya vipimo. Chenga za 20, za 40, hazifichi kinundu cha milimita 6. Utafiti mkubwa wa uchunguzi wa saratani ya mapafu Marekani uliotoa matokeo 2011, wenye washiriki 53,454, ulitumia CT ya takriban milisiverti (kizio cha dozi ya mionzi) 1.5, wakati CT ya kifua ya kawaida ni kama 7. Picha zilikuwa na chenga. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na waliopigwa eksirei ya kifua.

Mawe ya figo vivyo hivyo. Jiwe linang'aa kwa mamia ya vipimo dhidi ya tishu iliyo karibu na 30. Na wagonjwa wa mawe ni vijana wengi, na wanarudi, na kurudi. Nina mmoja nisiyemsahau: nilipofungua kumbukumbu zake kwenye mfumo nilikuta vipimo tisa vya tumbo ndani ya miaka minne, vyote kwa dozi kamili ya kutafuta uvimbe wa ini. Swali kwenye kila fomu lilikuwa moja: jiwe limefika wapi? Vingine kati ya hivyo nilivipiga kwa mikono yangu. Toka siku hiyo tuna protokali ya mawe peke yake.

Hata macho yetu yanasaidia. Albert Rose alieleza mwaka 1948 kwamba kitu kinaonekana kwa uhakika pale alama yake inapozidi chenga kwa takriban mara 5, lakini alama hiyo inajumlishwa kwenye eneo lote la kitu, siyo pikseli moja moja. Doa pana hafifu linaonekana ndani ya chenga ambazo zingemeza doa dogo lenye weupe ule ule. Namba moja ya chenga haiwezi kufaa kwa kila swali.

Na kama mnataka ushahidi wa zamani zaidi: tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa CT ya kichwa London kwa mashine ya Hounsfield, yule mwenye kipimo chake. Picha ilikuwa ya pikseli 80 kwa 80. Kwa viwango vya leo tungeikataa. Ilionyesha uvimbe, na daktari wa upasuaji akaukuta.

Mwanafunzi_Mwaka3

Shikamooni. Samahani kwa swali la kianzio. Mashine mpya zina programu ya kuondoa chenga, na sasa kuna ya akili mnemba. Kwa nini tusipige dozi ndogo kwa kila mtu, kisha kompyuta isafishe?

FotoniMoja

Marahaba. Swali lako si la kianzio, ndilo linalogombaniwa kwenye vikao vya wataalamu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Njia ya zamani ya kujenga picha inachukua kila mwonekano, inauchuja, inaurudisha nyuma juu ya picha. Ni ya haraka na inatabirika: chenga zake ni punjepunje laini, kama mchanga. Ukibadilisha keneli, yaani kichujio hicho cha hesabu, unabadilisha chenga bila kugusa dozi. Keneli kali ya mfupa inaleta kingo kali na chenga nyingi, keneli laini inafanya kinyume. Hapo hakuna muujiza, unabadilishana ukali kwa utulivu.

Njia ya kurudiarudia, iliyoingia kwenye mashine za kibiashara karibu na 2009, inakisia picha, inahesabu kigunduzi kingepokea nini kama picha hiyo ingekuwa kweli, inalinganisha na kilichopokelewa, inasahihisha, inarudia. Inajua kwamba miale iliyopita kwenye nyonga ina fotoni chache na haistahili kuaminiwa sana. Hiyo ni faida halisi, na dozi imeshuka kweli kwa sababu yake.

Lakini sikiliza hapa. Ili kuondoa chenga, programu lazima iwe na wazo la awali kuhusu picha inavyopaswa kuwa: kwamba jirani hufanana na jirani mpaka pawe na ukingo. Ukingo mkali, kama wa mfupa au kinundu cha pafu, unalindwa. Doa hafifu la Dr Kivuli halina ukingo mkali. Kwa programu, doa hilo na chenga ni ndugu. Ndiyo maana ukivuta nguvu ya programu hadi mwisho, picha inakuwa kama plastiki au rangi ya mafuta, chenga zinahama kutoka punje ndogo kwenda mabaka makubwa, na mabaka hayo yana ukubwa ule ule wa vidonda tunavyovitafuta. Namba ya chenga imeshuka nusu, ila uwezo wa kuona doa hafifu haujapanda kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo mtu akikuambia "chenga zimepungua asilimia 60, basi dozi ipungue vivyo hivyo", mwambie akuonyeshe jaribio la fantomu (kifaa cha majaribio kinachowekwa badala ya mgonjwa) yenye madoa hafifu, lisomwe na watu, siyo namba ya chenga peke yake.

Zile za akili mnemba, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2019, zimefunzwa kwa jozi za picha za dozi ndogo na picha bora. Zinatunza umbile la punje vizuri zaidi, na mimi nazipenda. Ila fotoni ambayo haikufika haikubeba habari. Hakuna hesabu inayoweza kuirudisha habari hiyo, inaweza tu kukisia.

Dr_Kivuli

Mkuu FotoniMoja amesema nilichokuwa nashindwa kukieleza. Zile picha za plastiki huwa zinanipa wasiwasi kuliko za chenga. Kwenye chenga najua kwamba sijui.

MamaWaWatatu

Habari zenu wataalamu. Mimi si mtu wa fani, nimeletwa na utafutaji. Mwanangu wa miaka minne alianguka kichwa chini, akatapika mara kadhaa, akapigwa CT. Majibu yanasema hakuna damu wala ufa, lakini chini wameandika kuwa picha "ina chenga, inatosha kwa swali lililoulizwa". Ndugu wananiambia nikarudie kwenye mashine bora. Sijalala vizuri. Nirudie?

Dr_Kivuli

Pole sana mama. Anayemjua mwanao ni daktari aliyemwona, kwa hiyo umrudie yeye kwa neno la mwisho, na kama mtoto anabadilika, anasinzia kupita kawaida, anatapika tena au anapata degedege, mpeleke mara moja usingoje mtandao. Lakini kuhusu sentensi hiyo naweza kukutuliza. Damu mbichi ndani ya kichwa na ufa wa mfupa ni vitu vinavyoonekana hata picha ikiwa na chenga. Aliyeandika "inatosha" amekwambia kwamba alichotakiwa kukitafuta amekitafuta na angekiona. Huenda chenga hizo zimo kwa makusudi, kwa sababu waliokuhudumia walipunguza dozi wakijua ni mtoto. Kurudia ili tu picha iwe nzuri ni kumpa dozi ya pili bila swali jipya.

Gantri_Usiku

Mama, niongeze kidogo ili usibaki na hofu ya ile iliyokwisha kupigwa pia. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2012 uliofuatilia watoto na vijana waliopigwa CT ulikadiria kuwa kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka kumi wanaopigwa CT ya kichwa, katika miaka kumi inayofuata anaweza kuongezeka mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo. Hatari ipo, na ni ndogo mno kulinganisha na kuacha damu ichuruzike kichwani bila kujulikana. Mlifanya sawa. Kinachobaki ni kutorudia bila sababu.

Mizani_ya_Dozi

Naomba nipinge kidogo. Tunawatisha watu. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kiliwahi kutoa tamko kwamba chini ya milisiverti 50 kwa kipimo kimoja hatari ni ndogo kiasi cha kutoweza kupimika, na huenda haipo kabisa. Mtu wa kawaida duniani anapokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. CT ya kichwa ni kama 2. Haya mahesabu ya mtu mmoja kwa elfu kumi yanaweza kumfanya mzazi akatae kipimo kinachookoa maisha.

Gantri_Usiku

Hofu yako ni ya haki, mkuu, na kukataa kipimo kinachohitajika ni kosa kubwa kuliko dozi yake. Lakini hata nikikubali kwamba hatari ya milisiverti 8 za CT moja ya tumbo ni sifuri, yule kijana wa mawe hakupigwa 8. Alipigwa mara tisa. Mimi sipunguzi kwa sababu najua ataugua. Napunguza kwa sababu ile ziada haikumnunulia chochote.

Fundi_Kigunduzi

Nimekuwa nikizunguka vituo kurekebisha mashine. Mnabishana kuhusu miliampea wakati dozi kubwa inavuja kwingine.

Kwanza, awamu. Naona tumbo linapigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, kisha na dawa, kisha kwa kuchelewa, kwa swali ambalo awamu moja ingelijibu. Ukifuta awamu isiyohitajika umeokoa asilimia 100 ya dozi yake, na chenga hazijaongezeka hata punje.

Pili, kumweka mgonjwa katikati. Mfumo wa kurekebisha miliampea unakadiria unene kutoka picha ya awali ya kupangia. Bomba likiwa juu na kitanda kimepandishwa mno, mgonjwa yuko karibu na bomba, kivuli chake kinakuwa kikubwa, mashine inadhani ni mnene na inaongeza dozi. Kitanda kikiwa chini mno inadhani ni mwembamba, na chenga zinakuja. Kile kichujio cha mionzi chenye umbo la kipepeo, kilicho mbele ya bomba, nacho kimechongwa kwa mtu aliye katikati. Sentimita chache tu zinaharibu, na marekebisho ni kubonyeza kitufe cha kitanda.

Tatu, kilovolti. Hii ndiyo inayoamua nishati ya fotoni. Mishipa yenye dawa ya iodini usiipige 120 kwa mazoea. Iodini inanyonya sana juu kidogo ya kilovolti-elektroni 33, kwa hiyo ukishuka hadi 80 weupe wake unapanda kwa zaidi ya nusu, wakati dozi kwa miliampea zile zile inashuka hadi karibu theluthi. Chenga zinaongezeka, lakini weupe wa mshipa nao umepanda. Kwa mtu mwembamba na kwa mtoto ni faida tupu. Kwa mtu mnene bomba linaweza kuishiwa nguvu.

Zile mashine za kuhesabu fotoni moja moja, iliyoidhinishwa kwanza Marekani 2021, zinakata chenga za umeme kwa kuweka kizingiti: msukumo mdogo kuliko fotoni hauhesabiwi. Mabegani tofauti inaonekana kwa macho. Ila rasharasha ya mabeseni ya mwanzisha uzi haiondoki hata humo.

Mwanafunzi_Mwaka3

Nimejifunza mengi kuliko muhula mzima. Swali la mwisho: nikitaka kupima chenga za mashine tunayofanyia mazoezi, natosheka na kuchora duara kwenye fantomu ya maji na kusoma mchepuko sanifu, yaani namba zinavyotawanyika kutoka wastani?

FotoniMoja

Ni mwanzo mzuri, lakini duara moja linachanganya chenga na kasoro nyingine: pete, weusi wa katikati unaotokana na miale kugumishwa (fotoni dhaifu kunyonywa kwanza), kivuli cha kitanda. Piga fantomu mara mbili bila kuigusa, mpangilio ule ule. Toa picha ya pili kwenye ya kwanza. Kasoro zinazojirudia zinafutana, kinachobaki ni chenga tupu za picha mbili. Pima mchepuko sanifu wa picha hiyo ya tofauti, gawa kwa 1.41, utapata chenga za picha moja.

Kisha rudia kwa miliampea-sekunde (miliampea mara muda) 200, 100 na 50. Ikiwa ya kwanza ilikupa 10, ya pili inapaswa kukaribia 14, ya tatu 20. Ikitoka 20 ikawa 26, ama chenga za umeme zimeingia, ama kuna programu ya kusafisha imewashwa kwenye baadhi ya picha na siyo nyingine. Piga vilevile kwa slaisi ya milimita 1 na ya 5, na kwa keneli mbili.

Andika pembeni CTDIvol (namba ya dozi inayoonyeshwa na konsoli) ya kila moja na ukubwa wa fantomu ambayo konsoli inaitumia kuikokotoa, ya sentimita 16 au 32. Watu wengi hulinganisha namba mbili bila kuangalia hilo, na kwa mtoto namba ya 32 inaonyesha takriban nusu ya ile ya 16 kwa mionzi ile ile. Ukimaliza, leta jedwali hapa kabla hujagusa protokali yoyote.